Photoshop na Zerene Stacker: ipi inatunza vizuri kazi iliyokatizwa ya kuunganisha fokasi?

Kuunganisha picha 20 za mdudu, kila moja ikiwa na fokasi mahali pake, ziwe picha moja iliyo kali kote, ni kazi ya kompyuta. Kinachokula muda ni kusafisha baadaye: vinyweleo vilivyozungukwa na ukungu, vipapasio vinavyokatiza mbele ya miguu. Usafishaji huo ni nadra kuisha kwa mkao mmoja, ndiyo maana hapa programu zinapimwa kwa kile unachokikuta ukizifungua tena.

Photoshop huweka kila kitu ndani ya faili moja. Ukishapita Load Files into Stack, Auto-Align Layers, kisha Auto-Blend Layers kwa chaguo la Stack Images, kila leya (tabaka lenye picha moja) inapata maski yake, yaani kinyago ambacho nyeupe huonyesha na nyeusi huficha, na inabaki na jina la faili ilikotoka. Hifadhi hapohapo kabla hujagusa brashi. History, orodha ya hatua ulizopita, hufutika faili ikifungwa, hivyo kesho huna pa kurudi ila kwenye nakala hiyo.

Kasoro yake ni uzito. Picha ya megapikseli 24 yenye biti 16 kwa chaneli ni takriban MB 144 kwa leya kabla ya kubanwa. Leya 20 zinakaribia GB 2.9, na PSD, faili ya kawaida ya Photoshop, hukomea GB 2. Tumia PSB, aina yake ya faili kubwa, tangu mwanzo, usisubiri programu igome kuhifadhi usiku wa manane.

Ukirudi kazini, tazama leya ya juu kabisa. Ikiwa ni muunganiko wa zote, izime, la sivyo utapaka maski weee bila kuona badiliko. Shikilia Alt (Option kwenye Mac) ukibofya jicho la leya ili uione peke yake. Ukiipata yenye unywele mkali, paka nyeupe kwenye maski yake, ndipo upake nyeusi mahali hapohapo kwenye leya zilizo juu yake. Ukianza na nyeusi na kusahau nyeupe, unaacha tundu. Tundu la pikseli chache halionekani kwa urahisi kwenye skrini, lakini kwenye JPEG linatoka doa jeupe.

Zerene, programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kuunganisha fokasi, haina vurugu hii ya leya. Unachagua chanzo, iwe picha asili au tokeo (picha iliyokwisha kuunganishwa) jingine, na brashi inahamishia pikseli zake kwenye tokeo unalosafisha. Kwa vinyweleo vinavyopishana, naiona mbele kwa mbali: msingi wa DMap, vinyweleo kutoka PMax, njia zake mbili za kuunganisha. Save Project hutunza orodha ya picha, ulinganishaji na matokeo, ila picha asili zenyewe hubaki zilipo. Na kwa kuwa Zerene haisomi RAW (faili ghafi ya kamera), picha hizo ni TIFF ulizotoa kwa ajili ya kazi hii tu, zile ambazo mtu hufuta wa kwanza diski ikijaa. Ukizifuta, ukizihamisha au ukizibadilisha majina, mradi unafunguka lakini hauna pa kuchota.

Rundo dogo lisilo na vinyweleo, Photoshop inatosha, na maski zake zinakuruhusu kughairi kiraka cha juzi. Zerene haikuachii maski, kwa hiyo toa tokeo kama TIFF ya biti 16 kila unapomaliza sehemu ngumu, kwa jina jipya.