Diploma ya uuguzi Tanga: niliyoyakuta darasani na thieta

Nilianza kwa kupotea njia. Nilikuwa nikitazama video za Marekani, kule mtu anasomea kazi ya kumpa daktari vifaa vya upasuaji, mwaka mmoja au miwili, kisha anafanya mtihani wa cheti. Nikazunguka vyuo vya Tanga kuulizia kozi hiyo. Mama mmoja wa mapokezi akanicheka: "Mwanangu, hapa anayesimama mezani na daktari ni nesi. Kasome unesi kwanza." Ndivyo nilivyoingia diploma ya uuguzi na ukunga, miaka 3, chuo binafsi ambacho jina nalihifadhi.

Darasani pa kawaida tu. Sanamu la mazoezi moja, sisi tumejazana kama daladala ya jioni. Michango haiishi, na glovu za mazoezi unanunua mwenyewe.

Fildi, yaani mafunzo ya vitendo hospitalini, ndiyo iliyonirudishia pesa yangu. Asubuhi nateremka na baiskeli kutoka Ngamiani, saa moja na nusu niko thieta, chumba cha upasuaji. Pwani yetu mbu wanaeneza minyoo ya matende, kwa hiyo mabusha hayakosekani kwenye orodha. Usiku akina mama wa kujifungua kwa upasuaji. Sista wa zamu hakuniuliza majina ya foseps, zile koleo za upasuaji. Alinifundisha kuhesabu gozi, vile vitambaa vya kufyonza damu: kabla ya kuanza, kabla ya kufunga tumbo, na tena wakati wa kushona ngozi. Siku moja hesabu ikagoma, imepungua moja, na dokta ameshashika uzi. Mate yalinikauka. Nikasema, "Dokta, samahani, gozi moja haionekani." Akasimamisha mikono, tukatafuta ndooni, chini ya meza, kila mahali. Ilikuwa imenata kwenye buti la mtu wa usingizi. Sista akaniambia tu, "Hesabu upya."

Kwenye ajira, hapo chuo kilitudanganya. "Wahitimu wetu wanagombaniwa," walisema siku ya kutupokea. Ukimaliza bado una mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, ndipo leseni, ndipo uombe serikalini na kusubiri. Mimi nilijitolea miezi saba kwa nauli. Kilichonitoa ni hospitali binafsi: kwenye usaili vyeti vyangu hawakuvishughulikia sana, walinipeleka thieta wakasema, "Panga trei ya upasuaji wa uzazi." Nikapanga, nikahesabu kwa sauti. Mkataba wa mwaka mmoja, na siku thieta ikipoa napelekwa wodini, sawa tu.

Nakipa chuo nyota 3 kati ya 5, na mbili kati ya hizo ni za fildi. Ukienda kuuliza, achana na rangi ya majengo. Uliza kama kimesajiliwa NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi na kati, wanafunzi wanapelekwa hospitali gani na wiki ngapi wanakaa thieta. Mpaka leo wananidai 40,000 ya mahafali. Sikwenda, nilikuwa zamu.