Nimelipia kozi, nikapelekwa kwa simba

Kabla sijatuma hata senti niliwaandikia watu wa kampuni ya safari, tena kwa herufi kubwa: nakuja hifadhi ya Kgalagadi kwa ajili ya ndege mbuai, kozi na wenzake, simba sina haja nao, kwetu Tanzania wamejaa. Wakajibu hakuna shida, karibu sana. Nikafunga safari mpaka Afrika Kusini kwa hiyo hiyo "hakuna shida".

Cubitje Quap ni kisima kilicho kaskazini ya kambi ya Nossob, na wapenda ndege wanakijua. Asubuhi njiwa hushuka kunywa makundi kwa makundi, na kozi huwa juu ya mti mkavu wakiwapigia hesabu. Siku yetu walikuwepo wawili. Mmoja akaachia tawi, akaja chini chini, njiwa wakalipuka wote kwa pamoja, na hapo hapo dereva wetu akawasha gari! Gari lililotupita lilikuwa limemwambia kuna simba mbele.

"Kaka, dakika tano tu."

Hata hakugeuka. "Mama, hao ni ndege tu. Wenzako wamelipia simba."

Na mimi nimelipia nini, mchanga? Kushuka garini huruhusiwi, kwa hiyo usukani ukiwa mikononi mwa mtu asiyetaka, huna la kufanya. Simba wenyewe walikuwa wamelala, mkia tu unafukuza nzi. Tulikaa pale mpaka nikachoka kukasirika. Pungu, aina ya tai, akapita juu yetu akiyumba huku na huku, mkia mfupi hadi miguu inachungulia kwa nyuma, na garini hakuna aliyeinua kichwa.

Nikasema nyota moja, basi. Jioni, tukiwahi lango la kambi lisifungwe, dereva yule yule akapunguza mwendo kando ya mti wenye kiota kile kikubwa cha mnana, kijiji kizima cha nyasi. Akanyoosha kidole. Kozi kibete, sentimita 20 hivi, ndege mbuai mdogo kuliko wote barani Afrika, amekaa mlangoni kama mpangaji asiyedaiwa kodi, na mara nyingine humla hata mtoto wa mwenye nyumba. "Jike," akasema. "Tazama mgongo, hudhurungi."

Nilifurahi mno, halafu hasira ikapanda upya. Kumbe anajua! Sasa asubuhi ilikuwaje? Akacheka: bakshishi ya simba ni nene zaidi.

Kwa hiyo dereva nampa tano. Hapana, nne, ile "ndege tu" bado inaniuma. Ofisi iliyonipakia na watu wa simba huku barua yangu wanayo, haipati kitu. Nimewadai nusu ya pesa, wananijibu kuwa "ndege walionekana". Walionekana!

Kgalagadi yenyewe nendeni, ila kodini gari lenu. Barabara ya Nossob ina mchanga na matuta ya kutikisa meno, lakini injini utaizima mwenyewe utakapo.