Mota ya YL ya 3 HP, fezi moja: yafaa mashine ndogo ya kusaga, ukiipima kwanza

Mota za aina ya YL zenye kapasita mbili (moja ya kuwashia, moja ya kuendeshea) zimejaa madukani, na wengi huzinunua kuendeshea mashine ndogo ya nyundo ya kusaga mahindi au chakula cha kuku. Kwa kazi hiyo zinafaa sana, mradi hiyo 3 HP iwe ya kweli.

Stika iache, soma kibao cha ubavuni. 3 HP ni kW 2.2, na mota ya nguvu hiyo kwenye volti 230 hula ampea 13 hadi 14. Ukikuta imeandikwa 3 HP na ampea 7, irudishe rafuni: ampea 7 kwa volti 230 hazifiki wati 1,650 zinazoingia, na kwenye shafti hutoka pungufu ya hapo. Hiyo haifiki hata 2 HP. Fremu, yaani saizi ya umbo la mota, nayo husema ukweli: ya mizunguko 2,850 kwa dakika kwa kawaida ni 90L, shafti milimita 24, ya mizunguko 1,420 ni 100L, shafti milimita 28.

Mashine inayotaka mizunguko 3,600 ichukulie mota ya 2,850, puli ya inchi 5 kwenye mota na inchi 4 kwenye mashine. Usiongeze puli ya mota ili unga utoke haraka. Mzunguko ukipanda kwa asilimia 10, nguvu ya kusukuma hewa peke yake hupanda kwa theluthi moja, na mota inalemewa kabla hujatia punje.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye swichi ya ndani inayotoa kapasita ya kuwashia mota inapokaribia kasi yake. Ukijaza mahindi kupita kiasi, mwendo unashuka, swichi inajirudisha, kapasita inabaki kwenye umeme na kupasuka. Fundi akibadilisha kapasita bila kusafisha au kubadilisha swichi, mpya nayo itapasuka. Kwa hiyo washa mashine ikiwa tupu, halafu fungua mahindi kidogo kidogo ukiangalia ampea zisipite za kwenye kibao.

Waya ndio watu hubania pesa. Wakati wa kuwaka mota huvuta hata ampea 65. Kwa mita 50 za waya wa 2.5 (milimita za mraba), volti zaidi ya 45 hupotea njiani. Kwa waya wa 6 ni kama 20. Na volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, nguvu ya kuanzia hubaki kama asilimia 70 tu. Mota inanguruma bila kuzunguka, koili zinanuka, na hapo ni safari ya kwa fundi wa kusuka koili upya.

Funga rilei ya kuzuia mzigo, ile inayokata umeme mota ikilemewa, uiseti kwa ampea za kibao. Pangusa unga kwenye kifuniko cha feni kila siku.

Ya kusagia wateja kutwa nzima, 7.5 HP na kuendelea? Hiyo omba umeme wa fezi tatu.