Sanduku la poka la chipu 500: chipu zinaridhisha, kijitabu cha maneno kinapotosha

Anayetaka kuanza poka ya Texas Hold'em nyumbani, ile ya karata mbili za siri kwa kila mchezaji na tano za pamoja zinazofunuliwa mezani, mara nyingi huanza na sanduku la alumini lenye chipu 500, yaani vidude vya duara vinavyohesabiwa kama pesa. Linauzwa kwa majina mengi, lakini ukilifungua utakuta vitu vilevile: safu za chipu za rangi tano, pakiti mbili za karata, kisahani cheupe cha mgawaji, dadu tano, funguo mbili ndogo na kijitabu cha kurasa chache chenye sheria na maneno ya mezani. Hukumu yetu ni kwamba chipu zinafaa, karata zibadilishwe mapema, na kijitabu kisiaminiwe. Kijitabu ndicho tutakachokichambua zaidi, kwa sababu katika poka neno likitamkwa kwa zamu yako limeshakuwa tendo. Ukisema "nareizi", yaani napandisha dau, umereizi, hata kama chipu zako bado hazijasogea. Aliyefundishwa neno vibaya hulipia kosa hilo kwa chipu zake.

Chipu kwanza. Ni za plastiki ngumu yenye kipande cha chuma ndani, kipenyo milimita 39, uzito gramu 11.5 kila moja. Uzito huo hutangazwa kwa herufi kubwa kana kwamba ndio ubora, kumbe unatoka kwenye kile kipande cha chuma. Chipu za kauri huwa karibu gramu 10 tu, na bado hukaa kwenye safu vizuri zaidi kwa sababu uso wake una mkwaruzo. Hizi za plastiki zikiwa mpya huteleza: safu ya chipu 20 ikiguswa na kiwiko humwagika, na ikimwagikia kwenye poti, yaani madau yaliyokusanywa katikati ya meza, hakuna tena anayejua nani aliweka nini. Zifute moja moja kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha uzikaushe. Usiziloweke kama katikati zina stika ya karatasi, maana gundi huachia na kingo za stika huinuka. Zaidi ya kuzifuta, cheza juu ya kitambaa kizito badala ya meza tupu. Hapo tatizo la kuteleza hupungua sana.

Mgao wa kawaida wa rangi ni nyeupe 150, nyekundu 150, bluu 100, kijani 50 na nyeusi 50. Kama chipu hazina thamani iliyochapishwa, andikeni thamani kwenye karatasi kabla ya karata ya kwanza na iwekwe pale ambapo wote wanaiona. Kwa watu wanane, mpango huu hufanya kazi vizuri: nyeupe iwe 25, nyekundu 100, bluu 500, kijani 1,000. Kila mmoja apewe nyeupe nane, nyekundu nane, bluu nne na kijani mbili. Jumla ni 5,000, na kama blaindi, yaani madau mawili ya lazima ya kuanzia, ndogo na kubwa, zinaanza 25 na 50, kila mmoja ana blaindi kubwa 100, kiasi kinachotosha kucheza kwa utulivu. Hapo mmetumia chipu 176 tu. Zilizobaki ni akiba ya kubadilishia blaindi zinapopanda na zile nyeupe zinapokosa kazi. Kosa la wanaoanza ni kugawa zote 500 tangu mwanzo: kila beti inakuwa kazi ya kuhesabu, na mgao mmoja wa karata unakula dakika kumi.

Kisahani cheupe wachezaji hukiita batani, na ndicho kifaa ambacho mchezo hauwezi kwenda bila yake. Hukaa mbele ya anayehesabiwa kuwa mgawaji, na kila mkono ukiisha husogea kiti kimoja kwenda kushoto. Neno "mkono" lenyewe lina maana mbili: mchezo mmoja mzima tangu karata kugawiwa hadi poti kuchukuliwa, na pia karata tano bora za mchezaji. Kijitabu kinalitumia kwa maana zote mbili katika aya moja bila kumwonya msomaji. Aliye kushoto mwa batani huweka blaindi ndogo, anayefuata huweka blaindi kubwa, na wote wawili huweka kabla ya kuona karata. Kabla ya flopu, yaani karata tatu za kwanza kufunuliwa mezani, wa kwanza kuamua ni aliye kushoto mwa blaindi kubwa. Kuanzia flopu, wa kwanza ni yule aliye karibu zaidi kushoto mwa batani ambaye bado ana karata, na mwenye batani huamua mwisho. Kuamua mwisho ni faida kubwa, kwa kuwa umeshaona wengine wote walichofanya, na ndiyo sababu batani haipaswi kusahaulika mahali pamoja kwa mikono miwili.

Kijitabu hakisemi lolote kuhusu meza inapobaki na watu wawili, na hapo ndipo ubishi huzuka. Kanuni ni kwamba mwenye batani ndiye anayeweka blaindi ndogo. Yeye huamua kwanza kabla ya flopu, kisha huamua mwisho katika mizunguko yote ya dau inayofuata. Ukifuata maneno ya kijitabu kama yalivyo, batani na blaindi ndogo zitaangukia watu tofauti, na mmoja ataamua mwisho kila mahali.

Maneno matano ya msingi kimeyaorodhesha, na manne yako sawa. Kucheki ni kupisha zamu bila kuweka kitu, na inaruhusiwa tu kama hakuna beti ya kulingana nayo. Kubeti ni kuweka dau la kwanza katika mzunguko. Kukoli ni kulingana na dau lililopo, kufoldi ni kutupa karata na kuachana na poti. La tano, kureizi, limeelezwa kuwa ni "kuongeza dau mara mbili". Si hivyo. Kiwango cha chini cha reizi hupimwa kwa nyongeza ya mwisho iliyofanywa. Blaindi kubwa ikiwa 50, mchezaji akapandisha hadi 150, nyongeza yake ni 100. Anayetaka kureizi tena lazima afike angalau 250, yaani 150 na nyongeza nyingine ya 100. Kijitabu kingemlazimisha afike 300. Tofauti hiyo ya 50 inaonekana ndogo, lakini ni blaindi kubwa nzima, na mezani penye mtu anayejua sheria itazua mabishano.

Kuna mambo mawili ya namna ya kusogeza chipu ambayo hayamo kabisa kwenye kijitabu, ilhali ndiyo huleta ugomvi mwingi kuliko maneno yote. La kwanza ni beti ya kamba. Dau la kulingana nalo ni 50. Mchezaji anasukuma chipu za 50, anarudisha mkono kwenye safu yake, anasukuma tena za 100, bila kusema neno. Kinachohesabiwa ni ule msukumo wa kwanza tu: amekoli. Sababu ni kwamba angeweza kusoma uso wa mpinzani baada ya zile 50 kabla ya kuamua kuongeza. Dawa ni kutamka kiasi kwanza, "nareizi hadi 150", halafu uhesabu chipu kwa raha zako. La pili ni chipu moja kubwa. Blaindi kubwa ni 50, mtu anatupa chipu moja ya 500 kimya kimya akidhani amereizi. Amekoli, na atarudishiwa 450. Angetaka kureizi, ilibidi aseme kabla chipu haijagusa meza.

Oli-ini, yaani kuweka chipu zako zote, kijitabu kimeipa mstari mmoja. Inastahili ukurasa mzima, kwa sababu ya poti ya pembeni. Chukua wachezaji watatu: Wa kwanza ana 300, wa pili 800, wa tatu 1,500. Wa kwanza anaweka zote, wa pili anaweka zote, wa tatu anakoli 800 na kubakiwa na 700. Usizichanganye chipu hizo katikati. Toa kwanza 300 kwa kila mmoja, uzisukume pamoja: hiyo ndiyo poti kuu, 900, na wote watatu wanaishindania. Zinabaki 500 za wa pili na 500 za wa tatu. Hizo 1,000 ni poti ya pembeni, na wa kwanza hana haki nayo hata kama ana karata bora kuliko wote. Akishinda anachukua 900, kisha wa pili na wa tatu wanalinganisha karata zao kwa ile 1,000. Anza na mwenye chipu chache kila mara, ukipanda. Meza inayoanza na mwenye nyingi hujikuta inarudia hesabu, na safu zikishavunjwa hakuna ushahidi.

Jedwali la mpangilio wa mikono limechapishwa nyuma ya kijitabu nalo ni sahihi: flashi, yaani karata tano za alama moja, inaishinda straiti, karata tano zinazofuatana, na ful hausi, karata tatu za thamani ileile pamoja na jozi, inazishinda zote mbili. Sababu ni uhaba. Katika mikono 2,598,960 ya karata tano inayowezekana, straiti ni 10,200, flashi 5,108, ful hausi 3,744. Ree inaweza kufunga straiti juu, baada ya mfalme, au kuifungua chini kwa ree, mbili, tatu, nne, tano; haiwezi kukaa katikati. Kosa liko kwenye sentensi iliyo chini ya jedwali, inayosema shupaza huzishinda kopa, uru na pau mikono ikilingana. Katika Texas Hold'em alama hazina ukubwa. Mikono ikilingana, poti inagawanywa.

Kuhusu kika, karata ya pembeni inayoamua pale jozi zinapofanana, kijitabu kinasema "mwenye karata kubwa zaidi mkononi hushinda". Sentensi hiyo imekosa neno moja la lazima: karata hiyo iwe ndani ya zile tano bora. Mezani pakiwa na ree, tisa, sita, nne na mbili zisizo na flashi, mwenye ree na mfalme anamshinda mwenye ree na malkia, kwa kuwa mfalme anaingia kwenye tano zake. Lakini mezani pakiwa na ree mbili, wafalme wawili na malkia mmoja, mwenye J na saba hamshindi mwenye tisa na nane, bado kwa sharti kwamba hakuna flashi. Tano bora za wote wawili ziko mezani tayari, ile J haina pa kuingia, na poti inagawanywa nusu kwa nusu.

Karata zenyewe ni za karatasi iliyopakwa plastiki, milimita 63 kwa 88. Udhaifu wake ni pembe. Wachezaji wa Hold'em huinua ncha za karata mbili za siri ili wazichungulie, na karatasi ikikunjwa mara kadhaa hubaki na mstari mweupe. Ree ikishapata mstari huo, mchezo umekwisha thamani hata kama hakuna aliyekusudia kuiba. Nunua pakiti mbili za plastiki tupu zenye migongo ya rangi tofauti: moja inagawiwa, nyingine inachanganywa. Hupinda na kurudi, na hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu. Zihesabu zifike 52 kila mnapoanza, na uondoe karata za jokeri. Kuhusu kuchanganya, mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha kuwa kugawa pakiti katikati na kupishanisha pande mbili kunahitaji kurudiwa kama mara saba ili mpangilio wa awali upotee. Mara mbili, kama wengi wafanyavyo, hazitoshi.

Sanduku halina kipande cha kukatia, yaani ile karata tupu ya plastiki inayowekwa chini ya pakiti ili karata ya mwisho isionekane. Tafuta kipande cha plastiki kigumu chenye ukubwa uleule. Na mgawaji akumbuke kuchoma: kabla ya flopu, kabla ya tani (karata ya nne ya mezani) na kabla ya riva (ya tano), karata moja ya juu huwekwa kando ikiwa imefunikwa. Hiyo inalinda meza endapo mgongo wa karata ya juu una alama ambayo mtu ameshaitambua. Kijitabu kimeruka hatua hii kabisa.

Dadu tano hazina kazi yoyote katika Texas Hold'em. Zihamishie kwenye mchezo mwingine. Nafasi yake inatosha kipande cha kukatia na karatasi ya thamani za rangi.

Sanduku lenyewe ni zuri kwa macho, ila angalia mpini. Chipu 500 peke yake ni kilo 5.75, na mpini umeshikiliwa na ribiti ndogo kwenye bati jembamba. Ribiti zikilegea, bati hutanuka tundu na haliwezi kukazwa tena. Libebe kwa kuweka mkono mmoja chini yake, na usilifungue likiwa limesimama wima: trei za ndani hazina kifuniko, na chipu zote zitakuwa sakafuni.