Gari zuri, ila sheli wamenizoea: miezi 9 na V6 ya mkononi

Mhudumu wa pampu siku hizi haniulizi naweka kiasi gani. Akiniona naingia anafungua kifuniko cha tangi, anachomeka bunduki, kisha anageuka kumhudumia mwingine. Anajua mimi ni wa kukaa. Nabaki kwenye usukani natazama lita zikipanda, 20, 31, 44, nasubiri ule mlio wa bunduki kujikata ambao kwenye gari langu la zamani ulikuwa unakuja kabla sijamaliza kusoma ujumbe mmoja wa simu.

Gari lenyewe ni la siti saba, injini V6, yaani ya silinda sita, ya cc 3,500, otomatiki, magurudumu yote manne yanavuta muda wote, na uzito unaokaribia tani 2 kabla hajapanda mtu. Jina lake silitaji. Ndugu zake wa umbo hilo na rika hilo wana tabia ileile, awe ametoka kiwanda gani. Nilitoka kwenye kigari cha cc 1,500 kilichonipa kilomita 14 kwa lita kwa miaka bila mimi kujua kwamba hilo ni jambo la kushukuru. Mtu ambaye hajawahi kusumbuliwa na mafuta hajui hata namna ya kuulizia mafuta.

Sisemi sikuuliza. Niliuliza, "Mafuta inakulaje?" Muuzaji akajibu bila kupepesa macho: "Kawaida tu, bosi wangu. Kumi, kumi na moja kwa lita. Inategemea na mguu wako." Akawasha skrini ndogo ya kwenye dashibodi kunionyesha wastani: 11.2. Basi, nilikwisha. Mdomo wa mtu unaweza kuutilia shaka, lakini namba iliyoandikwa na gari lenyewe utabishana nayo vipi?

Leo najua ile namba inafutwa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Ukiifuta gari likiwa tayari kwenye barabara nyoofu, mwendo wa 80, injini imeshachemka, itakuandikia wastani wa dakika zile tu. Na nikikumbuka vizuri, siku hiyo nilipoweka mkono juu ya boneti ilikuwa ya moto. Nikadhani ni jua. Tulikwenda kulijaribu barabara ya wazi, hakuna foleni, hakuna matuta, tukarudi. Nilichojaribu pale ni raha ya gari. Safari zangu za kila siku sikuzijaribu hata mita moja.

Wiki ya kwanza taa ya mafuta ilipowaka nilijisemea ni ugeni, si nilikuwa nazunguka nalo kuwaonyesha ndugu? Wiki ya pili sikuwa na kisingizio. Ikabidi nipime kwa njia ambayo haina longolongo: unajaza mpaka bunduki ijikate mara ya kwanza, hulazimishi kuongeza, unarudisha sifuri kile kihesabu cha safari, unatembea maisha yako ya kawaida, kisha unarudi kwenye pampu ileile na kujaza tena mpaka ijikate. Lita ulizoongeza ndizo ulizotumia. Mshale wa mafuta usiuamini hata kidogo. Wa kwangu ukitoka juu unashuka kwa mapozi, ukivuka nusu unaporomoka.

Kilomita 318, lita 52.3. Nikagawanya kwenye simu mara mbili, nikidhani nimekosea nukta. Kilomita 6.1 kwa lita.

Kilichofuata ni miezi ya kutafuta mchawi. Nilianza na vitu vya bei ya kujifariji: chujio jipya la hewa, plagi mpya, kichupa cha dawa ya kusafisha nozeli, nikajaribu hata petroli ya oktani ya juu. Hii ya oktani niliifanya kwa ujinga tu, maana injini iliyotengenezwa kwa petroli ya kawaida haipati faida yoyote ya maana kwa kupewa ya juu. Oktani ni uwezo wa mafuta kuvumilia mgandamizo bila kujilipukia, haina habari na nguvu zaidi ndani ya lita. Namba haikutikisika.

Matairi ndiyo yaliyonichekesha. Mwenye gari wa mwanzo alipenda limesimama juu, akavua 235/65 R17 za kiwandani akavaa 265/65 R17. Ukipiga hesabu, kipenyo kinatoka kama milimita 737 kwenda 776, yaani tairi ni kubwa kwa asilimia 5 na ushee. Maana yake kila mzunguko gari linakwenda mbali kuliko kihesabu kinavyojua. Zile 318 kwa kweli zilikuwa karibu 335, kwa hiyo 6.1 yangu ilikuwa 6.4. Nilifurahi nusu saa. Halafu nikakumbuka mizani hiyohiyo inaonyesha muuzaji aliniuzia gari lililotembea zaidi ya kilomita zilizoandikwa, na kwamba tairi pana na nzito ni mzigo wa ziada kwa injini kila linapoondoka kwenye taa. Yalipokaribia kuisha nikarudisha saizi ya kiwandani na kuweka upepo unaoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, si ule wa kukadiria kwa kupiga teke.

Kilichosaidia hasa ni fundi aliyechomeka kompyuta badala ya kusikiliza muungurumo. Kaka yule hakusema mengi. Aliniwashia injini, tukakaa, akanielekeza kwenye skrini yake: joto la maji nyuzi 68, halipandi. "Hii inatakiwa ifike themanini na kitu, karibu tisini. Thamostati imekwama wazi." Thamostati ni kile kivali kinachozuia maji yasiende kupoozwa kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Kwa maneno mengine gari lilikuwa linadhani ni asubuhi siku nzima, na injini ikiwa baridi kompyuta yake huongeza mafuta kwa makusudi. Kisha akanionyesha namba nyingine, asilimia 14 yenye alama ya kujumlisha. Ni kiasi cha mafuta ambacho kompyuta ilikuwa inaongeza juu ya kipimo chake cha kawaida, kwa kuwa sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi ilikuwa imechoka na kuripoti kwamba mchanganyiko una hewa nyingi. Petroli inataka sehemu kama 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta, kwa uzito. Sensa ikisema uongo, kompyuta inatii. Na kwenye dashibodi hakuna taa hata moja iliyokuwa imewaka! Hapo ndipo nilipoacha kuamini ile kauli ya "taa ya injini haijawaka, gari zima."

Tukabadilisha vyote viwili. Namba ikapanda mpaka 7.3, ikasimama. Nimepima mara tano tangu hapo, inacheza kati ya 7.1 na 7.5.

Kupata 7.3 kutoka 6.4 inasikika kama kitu kidogo, kumbe huku chini kila sehemu ya kilomita ina uzito. Natembea kama kilomita 1,200 kwa mwezi. Kwa 6.4 ni lita 187 hivi, kwa 7.3 ni 164, yaani nimeokoa lita 23. Mwenye kigari cha kilomita 14 akijitahidi mpaka 15 anaokoa lita zisizofika 6. Lakini usinipongeze, kigari changu cha zamani kwa safari hizohizo kilikuwa kinamaliza kwa lita 86.

Na hapa ndipo ilibidi nikubali kwamba fundi kamaliza kazi yake, kilichobaki ni ndoa yangu na gari hili. Kazini kwangu ni kilomita 8, foleni tupu. Injini ya silinda sita inachukua sehemu kubwa ya kilomita hizo kupata joto tu, ikishalipata nimefika, nazima. Jioni tunaanza upya. Kwenye foleni nimeona kwenye kifaa changu kidogo cha kusoma kompyuta ya gari: limesimama, kiyoyozi kinafanya kazi, linakunywa lita 1.6 kwa saa. Tani 2 zinasukumwa kutoka sifuri, zinafika 40, napiga breki, nguvu yote inaishia kwenye joto la diski. Kila baada ya magari matatu mbele tunarudia.

Barabara kuu ni gari lingine kabisa. Nilikwenda safari ya mbali mara moja, mwendo wa 90 bila papara, likanipa 10.6. Kwa hiyo yule muuzaji, kwa uchungu nasema, hakunidanganya sana. Alinijibu kuhusu maisha ambayo mimi siyaishi.

Hata namba za kiwandani nilizozisoma mtandaoni kabla ya kununua ni za namna hiyo. Magari ya umri huu kwa Ulaya yalipimwa kwa NEDC, kipimo cha maabara ambacho gari linazungusha magurudumu juu ya roli bila kwenda popote, kilomita 11 tu, dakika zisizozidi 20, kiyoyozi kimezimwa. Kuanzia 2017 wakaanza kukibadilisha na WLTP, kirefu zaidi na chenye mwendo mkali zaidi. Ukiwa unalinganisha gari la 2010 na la 2019 kwa karatasi, unalinganisha rula mbili tofauti. Mimi nililinganisha hivyohivyo, nikajiona mtaalamu.

Mazuri yake? Yapo, nisiwe mchoyo. Limetulia barabarani, kilima halikijui, viti vinamsahaulisha mtu mgongo. Siti za nyuma kabisa, ambazo ndizo nilizotumia kumshawishi mke wangu, zimekaliwa mara tatu kwa miezi 9. Yeye hasemi kitu, ila nikizima kiyoyozi tukiwa kwenye foleni huwa anageuka kutazama dirishani kwa namna fulani. Watoto wamejifunza kuuliza, "Baba, tunakwenda na gari au tunatembea?" Nusu ya safari ndogondogo siku hizi tunatembea kweli.

Nikiulizwa nyota, nampa gari tatu na nusu, najipa mimi mnunuzi moja.

Miezi miwili iliyopita fyuzi ya taa iliungua nikatafuta kitabu cha gari, kile kilichokaa kwenye mfuko wake mweusi ndani ya droo ya dashibodi. Siku ya kununua muuzaji alinionyesha mfuko huo kwa fahari, "Hadi kitabu chake kipo, bosi," nami nikaushika, nikaupima uzito mkononi, nikaurudisha. Nyuma ya kitabu kulikuwa na kibunda cha risiti za mafuta zimefungwa mpira. Nyingi wino umefifia, lakini chache zinasomeka: lita 48, lita 51, lita 46, zikipishana siku nne, siku tano. Mgongoni mwa kila moja mtu kaandika kwa kalamu namba moja bila maelezo. 291. 305. Nikachukua simu nikagawanya, ingawa nilishajua jibu. Sita kwa lita, pungufu kidogo, zidi kidogo.

Kumbe na yeye alikuwa anapima.

Sijazitupa. Nimerudisha mpira, na kila nikijaza naandika mgongoni mwa risiti yangu, naichomeka humo juu ya zake. Ya jana: 344, lita 47.1.