Kibao cha nautiloidi kutoka Erfoud: kizuri sebuleni, pungufu maabara

Bidhaa ninayoitathmini ni kibao cha jiwe jeusi chenye visukuku vyeupe vya nautiloidi, wanyama wa baharini wa kale ambao ni jamaa wa mbali wa ngisi na pweza, na ambao wengi wao walikuwa na magamba marefu yaliyonyooka. Kibao hiki kilitengenezwa Erfoud, mji wa eneo la Tafilalt kusini mashariki mwa Moroko, ambako mawe hupasuliwa jangwani, hukatwa kwa misumeno inayopozwa kwa maji, kisha hung'arishwa na kuuzwa kama sahani, meza na hata mabeseni ya kunawia. Wauzaji huyaita marumaru, ingawa ni mawe ya chokaa.

Kwa upande wa sura, sina la kulalamikia. Kingo zimelainishwa vizuri na uso umesuguliwa kwa msasa mpaka unaakisi mwanga wa dirishani. Kisukuku kikubwa kuliko vyote kinaonyesha waziwazi jinsi mnyama huyu alivyoijenga nyumba yake: gamba linaanzia kwenye ncha nyembamba, linapanuka polepole, na ndani yake limegawanywa na kuta zilizopinda, kila ukuta ukiwa alama ya wakati ambapo mnyama alikua, akasogea mbele na kukiziba chumba alichokiacha nyuma. Mrija mwembamba unazipenya kuta hizo zote. Kwa kuutumia mrija huo mnyama aliyaondoa maji vyumbani, gesi ikachukua nafasi yake, naye akaweza kuelea, kama anavyofanya hadi leo nautilasi wa bahari za Hindi na Pasifiki. Weupe unaovutia macho ni kalsiti, madini ya chokaa, iliyojaza vyumba baada ya mnyama kufa. Mwalimu wa baiolojia anayetaka kuwaonyesha wanafunzi kuta na mrija atapata hapa kielelezo kilicho wazi kuliko michoro mingi ya vitabuni.

Kasoro ya kwanza imo kwenye lebo. Imeandikwa Orthoceras, chini yake umri wa miaka milioni 400, basi. Orthoceras halisi, yaani spishi iitwayo Orthoceras regulare, hupatikana katika mawe ya chokaa ya kipindi cha Ordovisia, kilichotangulia Siluria, kwenye nchi zinazoizunguka Bahari ya Baltiki, zikiwemo Sweden na Estonia. Mawe meusi ya Tafilalt ni ya kipindi cha Siluria, kilichomalizika takriban miaka milioni 419 iliyopita, na wanyama waliomo wamewekwa na wataalamu katika jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) nyingine, kwa mfano Arionoceras na Temperoceras. Mawe ya kahawia, yenye amonaiti wadogo waliojiviringisha, jamaa wa nautiloidi waliokwisha kutoweka, ni ya mwisho wa kipindi cha Devonia, kilichofuata Siluria. Jiwe jeusi na la kahawia huwekwa rafu moja yakiwa na lebo zinazofanana neno kwa neno, ilhali kati yake imepita makumi ya mamilioni ya miaka.

Jambo hili lina uzito kwa sababu Tafilalt si chimbo la kawaida. Ni mojawapo ya sehemu ambako mtafiti anaweza kufuatilia, tabaka baada ya tabaka, yaliyowapata nautiloidi katika kipindi ambacho amonaiti walichipuka kutoka katika ukoo wao mwanzoni mwa Devonia. Mwaka 2008 mtaalamu wa visukuku Björn Kröger alichapisha utafiti mkubwa wa nautiloidi wa eneo hilo hilo, uliojengwa juu ya mfululizo wa matabaka ya Siluria na Devonia. Anayeieleza spishi mpya huanza kwa kupima: pembe ambayo gamba linapanuka, umbali kati ya ukuta na ukuta ukilinganishwa na upana wa gamba, na mahali mrija ulipo, kama ni katikati au pembeni. Baada ya hapo hutazama uso wa nje wa gamba, kwa kuwa mistari na matuta yake mara nyingi ndiyo hutenganisha spishi mbili ambazo ndani zinakaribia kufanana. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, kwa spishi zote zilizopewa majina tangu mwaka 2000, zinamtaka pia ateue waziwazi kielelezo kitakacholibeba jina hilo na aseme kitahifadhiwa katika mkusanyiko gani.

Kwa vipimo hivyo, kibao changu hakifai kitu. Msasa umeufuta uso wa nje wa gamba. Msumeno umepita mshazari, kwa hiyo pembe inayoonekana si pembe halisi ya gamba, na mrija unaoonekana umekaa pembeni huenda ulikuwa katikati. Kibaya zaidi, tabaka kilikotoka halijulikani. Kama mmoja wa wanyama hawa alikuwa wa spishi isiyowahi kupewa jina, nafasi ya kumtambulisha ilipotea siku jiwe lilipoingia karakanani, na hilo linanisikitisha kwa dhati.

Mnunuzi awe macho pia na vipande vilivyochongwa vikasimama kama minara. Umbo lake la nje ni kazi ya mikono ya fundi, na visukuku vyake pengine vimetoka mawe tofauti vikaunganishwa kwa gundi na unga wa jiwe. Chukua kioo cha kukuzia uchunguze pale kisukuku kinapokutana na jiwe: mstari wa rangi tofauti au vitundu vya mapovu vinaashiria gundi. Kibao bapa kama changu ni salama zaidi, kwa sababu mishipa ya kalsiti inapita moja kwa moja kutoka kwenye jiwe hadi ndani ya gamba, jambo ambalo ni vigumu kuliigiza.

Katika matumizi, kumbuka kwamba chokaa huliwa na asidi. Tone la ndimu au siki likiachwa juu yake huacha doa lisilong'aa, na kisu hukikwaruza bila shida, hivyo sahani za aina hii zibaki kuwa mapambo. Kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kinatosha kukisafisha.

Kwa sebule nakipa nyota nne kati ya tano; kwa maabara ya shule, mbili. Shule ingenufaika zaidi na kipande ambacho hakijasuguliwa, kilichoandikwa jina la kilima na tabaka kilipochimbwa, nami ningekilipia bei ile ile bila kusita. Nilipokiulizia kipande cha namna hiyo nilionyeshwa rundo zima nyuma ya karakana, na hapakuwa na aliyeweza kuniambia jiwe lipi lilitoka wapi.