Sato wa Kirumba na wanaomleta mezani

Sato wa kukaanga wa mgahawa huu ni mzuri sana. Wa kuchoma ni wa kubahatisha. Kosa si la samaki, maana wote wananunuliwa soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, alfajiri ileile na kuletwa kwenye beseni moja. Tofauti iko kwa watu wawili wanaowapika, kwa hiyo mnisamehe nikiongea habari za wafanyakazi kuliko za pilipili.

Nilibeba trei miaka mingi kabla sijasomea utumishi, na siku hizi kazi yangu ni mikataba, likizo na malalamiko ya watu wa kiwandani. Nikikaa mahali pa kula, menyu inasubiri. Kwanza naangalia viatu vya wahudumu, halafu sura ya msichana wa kaunta bosi anapopita nyuma yake. Jina la mgahawa naliacha kwa makusudi, kwa sababu vijana wale walinisimulia mambo yao bila kuficha na sitaki kesho waitwe ofisini. Inatosha kusema uko upande wa Kirumba, na huko wauza sato ni wengi.

Mara ya kwanza niliagiza wa kuchoma. Ngozi ilikuwa imeungua, na ndani kwenye mfupa nyama ilikuwa bado mbichi. Kijana wa meza za nje aliona nimeacha kula, akasogea, akafunua mgongo wa samaki kwa uma. "Huyu hajaiva, mama. Nakuletea wa kukaanga, huyu usimlipe." Akaondoka na sahani. Hakwenda kutafuta meneja, wala hakuna aliyekuja kunihoji kama kweli hajaiva. Niliyezoea hoteli za mjini nilibaki namtazama. Aliporudi nikamuuliza kama hatakatwa. "Nimeshaandika kwenye daftari," akasema, kama mtu aliyeulizwa jambo la kawaida.

Hilo daftari liko kaunta, ni la shule, jalada limechanika. Humo wanaandika sahani iliyorudi, glasi iliyovunjika na mteja aliyeondoka bila kulipa. Mwisho wa mwezi mama mwenye mgahawa anakaa nao kulisoma, wakitafuta kinachojirudia. Ndivyo walivyogundua kwamba bili nyingi zinapotea kwenye meza zilizo karibu na maegesho. Sasa ukikaa huko unalipa unapoagiza, na wahudumu wamepumua.

Hoteli moja niliyowahi kufanyia kazi ilikuwa na utaratibu mwingine: mteja akitoroka, bili ni yako. Glasi ikivunjika, ni yako. Tulikuwa tunawasindikiza wageni mpaka mlango wa choo. Mhudumu wa namna hiyo anakuchekea huku anakuhesabu, na mgeni anajua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu makato ya kukurupuka hivyo. Hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, mwajiri aeleze kwa maandishi sababu na kiasi, ampe nafasi ya kupinga, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Nimeisoma sheria hii kazini mara nyingi, lakini ni nadra kuiona ikiheshimiwa kwenye mgahawa wenye viti vya plastiki.

Mishahara yao si mikubwa. Msichana wa kaunta aliniambia kuna baa ya jirani iliyomtaka kwa pesa zaidi, akakataa. Sababu alizonitajia zilikuwa ndogo ndogo, na ndizo ninazoziona hata kiwandani kwetu. Ratiba ya wiki ijayo inabandikwa Alhamisi, kwa hiyo anajua siku gani mdogo wake abaki na mtoto. Wanaofunga usiku wanapelekwa na bajaji ya dereva mmoja wanayemfahamu, wale wa Nyakato na Igoma pamoja, na mgahawa ndio unaolipa. Na akiangalia kwenye simu michango yake ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, anaikuta. Hili la mwisho alilisema kwa fahari, na mimi sikushangaa. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu kwa nusu. Waajiri wanaomkata mfanyakazi nusu yake halafu wasipeleke kitu ni wengi kiasi kwamba anayepeleka anasifiwa kama mtakatifu.

Sasa nirudi kwenye samaki, nikianzia na kinachowabakiza kazini wanaowapika.

Mwaka 1991 watafiti wawili wa Kanada, John Meyer na Natalie Allen, walieleza kwamba mtu hufungamana na mahali pa kazi kwa njia tatu. Anabaki kwa sababu anapapenda, au kwa sababu kuondoka kutamgharimu, au kwa sababu anajiona ana deni la wema. Nilifundishwa hayo darasani nikayaona ya vitabuni. Jikoni kwa huyu mama nimewakuta wote watatu, kila mmoja amesimama hatua chache kutoka kwa mwenzake.

Mama wa karai la mafuta anapapenda. Anachagua samaki mwenyewe, anakataa wadogo, na viungo vya kupaka ni vyake. Bosi haingilii. Nilipomsifia alinieleza habari za ndimu na chumvi mpaka ugali ukapoa. Sato wake ana ngozi inayolia ukiigusa, na nyama inayoachia mfupa bila kubembelezwa.

Mwosha vyombo yupo kwa deni la wema. Mama mwenye mgahawa alimlipia mzazi wake matibabu hospitali ya Bugando, na tangu siku hiyo hajakosa kazini. Anafanya kazi yake kwa utulivu na vyombo vinang'aa. Lakini nilipomuuliza angependa kufanya nini baadaye, alitazama jikoni kwanza ndipo akajibu kwamba anatamani kusomea udereva, na kwamba hajui atamwambiaje mama.

Mchomaji ndiye wa njia ya kuhesabu hasara. Alikopeshwa pesa za kuezeka nyumba, anakatwa kila mwezi kwa makubaliano ya maandishi, na hawezi kuondoka kabla ya kumaliza. Jiko lake la mkaa liko kwenye kona isiyo na dirisha, moshi wote unamrudia usoni. Ameomba bomba la kutolea moshi, ameahidiwa, hajaliona. Ameomba pia akapumzike kwao, na likizo yake, ambayo kisheria ni siku 28 mfululizo kwa mwaka pamoja na malipo, imesogezwa kila msimu wa wageni unapofika kwa kuwa hakuna aliyefundishwa kushika jiko lile. Yote haya aliniambia akiwa anapepea makaa, bila hasira. Hasira ingekuwa dalili nzuri. Yeye ameshaacha kutegemea.

Kwenye karatasi ya mahudhurio hao watatu hawana tofauti: wote wapo, wote wanawahi, wote wamekaa miaka. Bosi akiniajiri nimpimie uaminifu wa wafanyakazi wake kwa kuhesabu walioondoka, ningempa alama za juu na tungepongezana. Ila mimi nilimla yule samaki wa kuchoma. Mkopo umemweka mchomaji kazini, haujamfanya ageuze samaki kwa wakati.

Nilimgusia mama mwenyewe habari ya lile jiko, kwa upole, kama mteja tu. Hakukasirika. Alisema pesa ya bomba iliishia kwenye friji la vinywaji, kwa sababu wateja walikuwa wanalalamikia bia ya moto. Kwa mtu anayesoma daftari la hasara kwa makini vile, jibu hilo lilinisikitisha. Sato wa kuchoma wanaorudishwa wamo kwenye daftari hilohilo.

Jambo jingine linalonitia wasiwasi ni bakshishi. Lipo sanduku la mbao lenye kufuli, linafunguliwa Jumapili usiku mbele ya wote, na mgao unafika mpaka kwa mwosha vyombo na mchomaji. Safi kabisa. Tatizo ni kwamba wateja wengi sasa wanalipa kwa lipa namba, wanazidisha kidogo na kusema "hiyo inayobaki ni yako". Inayobaki inaingia kwenye akaunti ya mgahawa. Msichana wa kaunta anatakiwa kuiandika ili itolewe Jumapili, na foleni ikiwa ndefu anasahau. Wahudumu hawamtuhumu, lakini wameanza kuhesabu kimoyomoyo, kila mmoja na hesabu yake. Nimeshaona timu nzuri zikivunjika kwa pesa ndogo kuliko hizo. Dawa yake ni rahisi tu: namba ya pili kwa ajili ya bakshishi, ibandikwe kila meza.

Kwa anayetaka kwenda kula: sato mzima wa kukaanga na ugali ni shilingi 15,000, anatosha watu wawili wasio na njaa ya jana. Mchicha wa karanga uagize. Kachumbari ina vitunguu vingi kuliko nyanya. Chai ya rangi ni ya kawaida, na juisi ya ukwaju imezidi sukari. Vyoo ni visafi, maji yapo. Huduma naipa alama tano kati ya tano, chakula cha karaini tano, cha mkaani mbili mpaka hapo bomba la moshi litakapowekwa na yule kaka apewe likizo yake. Ijumaa jioni nenda kabla ya saa moja, baada ya hapo meza za nje zinajaa. Ukikaa upande wa maegesho usikasirike kuambiwa ulipe kwanza. Na bakshishi itoe taslimu, uitumbukize sandukuni mwenyewe.